Kazi ya kusoma hati za watu

South B, Nairobi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Za Mombasa, na hao mahakimu wenu wanawaendeaje? Umeniuliza kama ninachofanya usiku kucha ni uwakili kweli. Ndiyo, ila mteja simwoni na hakimu simwoni. Kiangazi cha Marekani naanza saa kumi alasiri; saa zao zikirudishwa nyuma Novemba, saa kumi na moja. Shangazi akinikuta na kanga saa nne asubuhi anajua nimefutwa kazi.

Kampuni iko Marekani, inauza bima ya hatimiliki. Mnunuzi wa nyumba hulipa mara moja tu, akakingwa yeye na warithi wake dhidi ya kasoro zilizokuwako kabla hajanunua: saini ya kughushi, rehani iliyosahaulika, mrithi aliyefichwa. Mimi napitia hati moja baada ya nyingine, nikasema kipi tukatie bima na kipi tukitenge. Leseni ya kule sina, kwa hiyo natoa maoni. Uamuzi ni wa wakili wao.

Juzi ililetwa nyumba ya Pennsylvania. Hati ya 1987 imetiwa saini na ndugu watatu, wosia wa baba unataja wanne. Wa nne kaenda wapi? Wakala akanisukuma, eti wanunuzi wameshafunga mizigo. Nikagoma mpaka kikapatikana cheti cha kifo: alimtangulia babake, na hakuacha mtoto. Basi, ikapita.

Nikimaliza faili kama hilo nawaza kwetu. Tunafanya upekuzi kwenye Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa kumbukumbu za ardhi, jina la muuzaji likionekana tunatoa pesa. Na ile kesi ya kiwanja cha ufuoni huko kwenu Nyali je? Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema ugawaji wa mwanzo wa ardhi ukiwa na kasoro, hati haimkingi hata aliyenunua baadaye kwa nia njema. Mwenye bima angalau ana wa kumdai. Huyu wetu anabaki kumsaka aliyemuuzia, ambaye simu haishiki.

Kama unawaza kunifuata, ofisi usiiache bado. Pesa si mbaya, lakini wewe bila kubishana mahakamani utaugua.

Mjomba wako ameshalinunua lile shamba la Kikambala? Mwambie asisaini chochote kabla sijaiona hati ya kwanza kabisa, hata kama ni ya enzi za Mkoloni.

Wako,
Kadzo