Vipigo vyetu navyo ni historia, viandikwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Tangu Mei 25, 2025, siku Simba ilipotoka sare ya 1-1 na RS Berkane kwenye Uwanja wa Amaan, Zanzibar, na Kombe la Shirikisho Afrika likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3-1, kuna jambo limenikaa kifuani. Wiki ile ile magazeti ya michezo yalishahamia kwenye usajili: nani anaachwa, nani anakuja, kocha abaki au atupiwe virago. Fainali ya pili ya Afrika katika historia ya klabu ilizikwa kabla hata matanga hayajaanuliwa.

Na ile ya kwanza ilizikwa vivyo hivyo mwaka 1993.

Kijana wangu ana jezi za Simba za misimu mitatu. Ukimwuliza kipigo cha Jwaneng Galaxy cha 2021 atakueleza dakika kwa dakika. Ukimwuliza Stella Abidjan, wapinzani wetu wa 1993, anadhani ni jina la mtu. Hili ndilo linalonifanya nishike kalamu. Ushabiki wa maisha unajengwa na vilio kuliko vifijo, na vilio vyetu havina pa kusomwa.

Novemba 1993 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, Kilosa. Betri za redio tulizianika juani tangu asubuhi, kwa sababu baba hakutaka ziishiwe nguvu katikati ya mpira. Kombe lenyewe lilikuwa la CAF, Shirikisho la Soka Afrika. Simba chini ya kocha Abdallah Kibadeni ilikuwa imetoka suluhu ya 0-0 na Stella kule Abidjan, na marudiano yalikuwa Uwanja wa Taifa, huu tunaouita leo Uhuru, Shamba la Bibi. Ushindi wowote ulitosha. Hata bao moja. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa uwanjani. Wazee wa Msimbazi husimulia hadi leo kwamba wachezaji walikuwa wameahidiwa gari kila mmoja. Golini alikuwa Mohamed Mwameja, mbele yake George Masatu, na kule mbele Edward Chumila. Kwa hesabu ya mtoto kombe lilikuwa letu tayari, na kwa hesabu ya baba pia, maana majirani walishaalikwa.

Tukafungwa 2-0. Mfungaji aliitwa Boli Zozo, jina ambalo watu wa rika langu hawawezi kulitamka bila kuvuta pumzi. Baba alizima redio kabla mtangazaji hajamaliza, akatoa zile betri moja moja, akazipanga juu ya meza, akaingia ndani. Hakuna aliyesema naye mpaka usiku.

Mwanahistoria wa baadaye akitaka kujua nini kilitokea jioni ile ataambulia mistari michache: tarehe, matokeo, na kwamba Rais alikuwepo. Timu iliyokwenda suluhu ugenini ilipoteza wapi mchezo nyumbani? Kambi ilikuwaje wiki ile? Kelele za magari na zawadi ziliwasaidia wachezaji au ziliwalemea miguu? Kuna waliokuwa uwanjani siku ile ambao wameshatangulia mbele za haki, nao wameondoka na majibu yao.

Mimi ningekuwa wa timu inayofungwa kila siku, labda ningeshazoea. Kinachomuumiza mtu wa Simba ni kwamba timu hii imetufundisha kuamini. Mwaka 1974 ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Mwaka 1979 ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam, watu wakaiandika imekufa, ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Mwaka 2003 ikamtoa Zamalek, bingwa mtetezi, kwa penalti, Cairo kwenyewe, Juma Kaseja akiwa langoni. Mtu aliyelelewa na simulizi hizi hawezi kukata tamaa mapema, na kwa sababu hiyo huanguka kutoka juu sana.

Mei 2021 tulifungwa 4-0 na Kaizer Chiefs kule Johannesburg. Mtaani kwetu wazee walitamka neno moja tu, Mufulira, na wiki nzima tukaishi nalo. Jumamosi ya marudiano John Bocco akafunga mawili, Chama akaweka la tatu, na uwanja mzima ukawa unalilia la nne. Halikuja. Tulishinda 3-0 tukatoka nje. Watu wengi hushangaa nikisema siku ile siihesabu kati ya zile mbaya. Tuliondoka tumechoka kama wachezaji wenyewe, na hakuna aliyekuwa na deni na mwenzake.

Siku mbaya ni Oktoba 24, 2021. Jwaneng Galaxy ya Botswana tulishaifunga 2-0 kwao. Marudiano nyumbani, Rally Bwalya akafunga kabla ya mapumziko, jumla ikawa 3-0. Nilikuwa kwenye kibanda umiza, kiingilio shilingi 500, benchi la mbao, feni moja inayozunguka kwa kusuasua. Mapumziko watu walitoka kununua mihogo ya kukaanga, wakawa wanajadili tutapangwa kundi gani. Walirudi wakakuta bao limesawazishwa mwanzoni kabisa mwa kipindi cha pili, na wengine walidhani ni marudio ya mechi nyingine. Likaja la pili. Hapo ndipo mzee mmoja nyuma yangu akaanza kuhesabu kwa sauti: wakipata la tatu ni 3-3, na wao wana matatu ya ugenini sisi tuna mawili. Mwaka ule ule Ulaya walikuwa wameshaifuta sheria ya bao la ugenini. CAF ilikuwa bado nayo. Dakika zikiwa zimebaki chache la tatu likaingia.

Hakuna aliyetukana, hakuna aliyevunja kitu. Mwenye kibanda alizima televisheni bila kuambiwa. Siku mbili baadaye kocha Didier Gomes akaondoka, na kwa wengi hesabu ikawa imefungwa. Kwangu mimi haikufungwa, kwa sababu kocha hakuwa peke yake uwanjani zile dakika arobaini na tano, na sijawahi kusoma popote wachezaji wenyewe wakieleza walijisikiaje miguuni na vichwani baada ya lile la pili.

Halafu kuna robo fainali za Afrika. 2019 TP Mazembe, suluhu kwa Mkapa, Dar es Salaam, tukakosa na penalti, kisha 4-1 Lubumbashi. 2021 Chiefs. 2022 Orlando Pirates kwa penalti. 2023 Wydad kwa penalti, Casablanca. 2024 Al Ahly, nje ndani. Watani zetu Yanga wakatubatiza jina, Mwakarobo, nalo limeshika. Jina hilo linauma, lakini utani una tiba yake ndani yake, na hili ningependa wasomaji wako vijana walielewe. Novemba 5, 2023 Yanga walitufunga 5-1. Jirani yangu fundi cherehani, Yanga wa kufa, kwa mwezi mzima alinisalimia kwa kunyoosha vidole vitano bila kufungua mdomo. Nami nilikuwa na zangu: 5-0 za Mei 2012, na 6-0 za mwaka 1977 ambazo hazijawahi kulipwa. Tunajibizana, tunacheka, tunakopeshana sukari. Kipigo cha mtani kina mtu wa kukupokea upande wa pili. Cha Stella hakikuwa naye, wala cha Jwaneng.

Kuna aina nyingine ya kipigo, ya chini kabisa, ambayo haina hata matokeo. Mei 8, 2021 watu walikuwa wamekwishajaza uwanja kwa ajili ya Simba na Yanga. Saa ya mechi ikasogezwa kutoka 11 jioni hadi 1 usiku, Yanga wakafika saa 11 na kuondoka, na mpira haukuchezwa. Machi 8, 2025 ikajirudia kwa sura nyingine: Simba ikagoma baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, mchezo ukaahirishwa siku ile ile, ukaja kuchezwa Juni. Nani alikosea nawaachia wenye kanuni zao. Ninachojua ni kwamba kuna watu walipanda basi Kigoma, Mwanza na Mbeya, wakalala stendi, wakarudi na tiketi zao mfukoni. Shabiki aliyefungwa anajua alie vipi. Hawa walirudi nyumbani bila hata cha kulilia.

Na kuna Mei 28, 2023. Yanga walikuwa wanacheza fainali ya Shirikisho na USM Alger kwa Mkapa, msongamano ukatokea getini, mtu akafa. Alikwenda kuangalia mpira. Jioni ile sikuwa na mtani. Yanga walifungwa 2-1, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, wakalikosa kombe kwa bao la ugenini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimpelekea jirani yangu pole ya kweli, akaipokea.

Sasa Amaan. Tulifungwa 2-0 kule Berkane, mechi ya marudiano ikahamishwa kutoka kwa Mkapa, uwanja wa watu 60,000, tukavuka maji. Joshua Mutale akafunga dakika ya 17. Zanzibar nzima ikaanza kuhesabu bao moja tu la kusawazisha jumla. Kipindi cha pili tukabaki kumi baada ya Yusuph Kagoma kutolewa, vijana wakaendelea kushambulia, mpaka dakika za majeruhi Berkane wakasawazisha. Kijana wangu alikaa sakafuni ameegemea ukuta, jezi ameivuta mpaka machoni. Nilitaka kumsimulia kuhusu 1993, nikagundua sina cha kumpa zaidi ya betri za baba na jina la Boli Zozo. Niliona aibu kwa niaba ya kizazi chetu chote.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni kurasa. Tengeni nafasi ya kudumu ya mechi tulizopoteza, Simba, Yanga, Taifa Stars, zote. Kizazi kijacho kijue kwamba kwenye AFCON ya 2019 Stars iliongoza mara mbili dhidi ya Kenya na bado ikafungwa 3-2, na kisimuliwe na waliokuwa ndani. Tumeni mwandishi mwenye subira, asiye na haraka ya kichwa cha habari. Kibadeni na wachezaji wa 1993 walio hai watafutwe, wakae, wazungumze mpaka wachoke, na maneno yao yachapishwe bila kupunguzwa. Vivyo hivyo kikosi cha Oktoba 2021, wakati kumbukumbu bado ni mbichi.

Mwandishi huyo akifika kwa wale wa 1993, naomba aanze na swali hili kwa niaba yangu: baada ya bao la kwanza la Stella, mlipokuwa mnarudisha mpira katikati, nani alisema nini?

Shabiki wa Simba,
Morogoro