Harambee ya Sakafu, Tanuri na Chumba cha Kurekodia

Ndugu na marafiki wa kikundi,

Tumemsindikiza msanii mwingine kituo cha basi. Ni mcheza dansi, wa tatu kutuaga tangu mwaka uanze. Alipoulizwa anafuata nini huko aendako, alijibu neno moja: sakafu.

Usicheke. Hapa anaruka juu ya saruji, na saruji hainepi. Kila akitua, kishindo chote kinarudi kwenye goti na muundi. Sakafu ya dansi hujengwa kwa mbao zilizolazwa juu ya papi (vipande vyembamba vya mbao) zinazopishana, chini ikaachwa nafasi, ili ibonyee kidogo mguu unapotua. Binti huyu alikuwa akifunga bandeji kabla ya mazoezi, si baada. Tungemwambia abaki kwa lipi? Na watoto aliokuwa akiwafundisha Jumamosi sasa hawana mwalimu.

Mfinyanzi wetu bado yupo, ila hana tanuri. Vyungu vikishakauka anavipakata ndani ya basi kama mtoto mchanga, akavichome mji mwingine. Udongo usiopata moto ni mwepesi kuvunjika kama biskuti, kwa hiyo vingine hufika vigae. Tanuri la umeme linalofikia nyuzi 1,200 za Selsiasi lingemaliza safari hizo. Wanamuziki nao hurekodi usiku wa manane kukwepa kelele, na mvua ikigonga mabati basi, kazi imelala.

Tunajenga jengo moja la kutumiwa na wote hao. Kiwanja ni chetu, jamvi la zege la msingi limeshamwagwa. Zimebaki kuta, paa, mbao za sakafu, tanuri na vifaa vya kuzuia sauti. Geti na bango vitangoja; tumeshaona kumbi za sanaa zenye bango la kupendeza na kufuli mwaka mzima. Kwa sababu hiyo hiyo, sehemu ya kila mchango itawekwa akiba ya umeme na matengenezo, maana majengo ya namna hii hufa baada ya sherehe ya uzinduzi.

Toa fedha, mbao, saruji, nyaya, chochote ulichojaliwa. Mkabidhi mweka hazina na udai risiti. Mahesabu yatabandikwa mlangoni kila mwezi. Kama wewe ni fundi seremala na una Jumamosi moja ya bure, njoo. Tunakuhitaji kuliko mgeni rasmi.