Kinyume chenu nakielewa

Mwanangu Somoe,

Huku Mikindani hatujambo. Bibi yako anakusalimu, mguu umepata nafuu.

Likizo ile wewe na binti wa mjomba wako mliongea kinyume, hiyo lugha yenu ya kugeuza maneno, mbele yangu mkidhani mmeniacha gizani. "Mama easiju!" Nisijue nini? Hamkuliona tatizo: mama hata ukiligeuza linabaki mama.

Mchezo huo haukuzaliwa bwenini kwenu. Edward Steere, yule mmisionari aliyekuja kuanzisha misheni ya Masasi mwaka 1876, alishakiandika kinyume kwenye kitabu chake cha mwaka 1870: silabi ya mwisho inatangulia, basi. Vijana wa Ufaransa nao wana verlan yao. "Arabe", yaani Mwarabu, wakaligeuza likawa "beur". Wakubwa walipolizoea, wakaligeuza tena, likawa "rebeu". Na Sheng ya Nairobi ni hivyo hivyo, neno likifika kwa wazazi vijana wanalihama. Kwa hiyo jiandaeni kuhama.

Sikukatazi. Kinachonichefua ni maficho ya kwenye biashara. Wanunuzi wa kangomba, wale walanguzi wa korosho, walikuwa wakiingia uani kwa babu yako Newala msimu wa korosho, wanapangiana bei kwa maneno yao mbele ya mzee mwenyewe, naye anawakaribisha uji na kucheka nao. Alidhani wanataniana! Nikikumbuka kicheko kile cha mzee, hasira hunipanda mpaka leo.

Ya unyagoni ni mengine. Yale mafumbo aliyokufunza somo yako siyaandiki hapa, unajua mwenyewe kwa nini. Lakini mtoto asiyeyajua leo, zamu yake ikifika ataitwa, atakalishwa mkekani, ataambiwa. Siri ile ina mlango. Ya kangomba haikuwa nao. Babu yako angekaa nao miaka asingeambiwa.

Sasa huyo mwenzenu mpya wa kitanda cha chini, uliyesema hucheka mkicheka bila kujua mnacheka nini. Mfundisheni. Ni kazi ya jioni moja. Mdogo wako kakidaka kwa kuwasikiliza tu mlangoni, na sasa ananiombea hela ya ubuyu kwa kinyume.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi korosho za kukaanga, mafungu mawili. Moja ni la huyo mgeni. Hela ya madaftari baba yako ataituma kwa simu Ijumaa.

Mama yako