Mheshimiwa Waziri, wanawake nao wafundishwe kupiga picha za vita

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Dodoma.

YAH: KOZI YA WAPIGAPICHA WA KIJESHI WANAWAKE

Mheshimiwa, salamu kutoka Arusha. Nina studio ya picha hapa Kaloleni: pasipoti saizi, kipaimara, sendofu, mahafali. Ninaomba Chuo cha Kijeshi cha Monduli kifungue kozi ya upigapicha wa vita na wanawake wapewe nafasi za kutosha, sasa hivi tukiwa na amani. Picha za gwaride tunaziona, ni nzuri. Ila gwaride halikimbii wala halirushi risasi.

Sisi wa Arusha tuna sababu ya kulisema hili. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, ilisikilizwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa hapa kwenye kituo cha mikutano cha AICC. Hati ya kwanza ya mashtaka haikugusa ubakaji kabisa. Mashahidi wanawake ndio walioutaja, mbele ya majaji watatu ambao mwanamke kati yao alikuwa Navanethem Pillay peke yake, na hati ikarekebishwa mwaka 1997. Hukumu ilitoka Septemba 2, 1998. Miaka minne ilikuwa imepita tangu mauaji. Mwanajeshi mwanamke mwenye kamera angeketi na kina mama hao mapema, wakamwonyesha wasiyoweza kumwonyesha mwanaume, ushahidi ungengoja muda wote huo? (Sisemi sura zao zianikwe. Kovu hupigwa bila uso, tena kwa ridhaa ya mwenyewe.)

Kazi hii haitaki kubahatisha. Kwenye harusi, betri ikiisha na saa ya kamera ikarudi mwanzo, bibi harusi hana habari kama faili zinasoma mwaka 2000. Mahakamani wakili wa utetezi ataanzia hapo hapo. Kwa hiyo mpigapicha afundishwe kukagua saa kila anapobadilisha betri, kupiga eneo zima kwanza ndipo asogee, kuweka rula kando ya tundu la risasi, kuandika mahali na jina lake, na faili halisi asiiguse hata kuiongezea mwanga. Hayo hata mimi naweza kufundisha. Kutambaa huku umeshika kamera, hilo ni la wakufunzi wa Monduli.

Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili iliwafundisha wanawake wa WAAF, kikosi cha wanawake cha jeshi la anga, kufunga kamera kwenye ndege na kusafisha filamu zikirudi. Constance Babington Smith, mchambuzi wa picha wa kikosi hicho, ndiye aliyelitambua V-1, bomu la kuruka la Wajerumani, kwenye picha ya Peenemünde, kituo chao cha majaribio, mwaka 1943. Hatari ipo, sifichi: Hilda Clayton, mpigapicha wa jeshi la Marekani, alifariki Afghanistan Julai 2, 2013 kombora lilipolipuka ndani ya mtutu kwenye mazoezi, akipiga picha hadi dakika hiyo.

Mwaka huo huo wa 2013 wanajeshi wetu walikwenda Kongo kulinda raia, na wengi wa raia hao ni wanawake na watoto.

Mheshimiwa, ofisi yako itutangazie vigezo: umri, elimu, na kama binti aliyejifunzia studio bila cheti anaweza kuomba. Mabinti ninaowafundisha huniuliza kila nafasi za JKT zinapotangazwa, nami sina la kuwajibu.

Wako mtiifu,
Mpigapicha, Kaloleni, Arusha