Arusha inasubiri nini kuhusu Kongo?

Ndugu Mhariri,

Nauza dagaa na unga hapa Kigoma, na mizigo yangu mingi huvuka ziwa kutoka bandari ya Kibirizi kwenda Uvira, mji wa Kongo. Desemba 2025 mteja wangu wa huko, mama niliyefanya naye biashara miaka tisa, alinitumia ujumbe wa sauti. Mtoto alikuwa analia nyuma yake. "Tuko Burundi, vitu yote tumeacha." Magunia niliyomkopesha yalibaki stoo. Deni sijamdai, wala sitamdai.

Kilichoniuma zaidi ni tarehe. Desemba 4 Marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda walitia saini makubaliano ya amani Washington. Haikupita wiki, M23, waasi wa Kongo wanaotuhumiwa kusaidiwa na Rwanda, wakaingia Uvira. Marekani ilipowabana, wakatangaza kuondoka. Kumbe wakibanwa wanasikia! Hata mwaka 2012 wafadhili walizuia misaada kwa Rwanda, mwaka uliofuata brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ikaingia vitani chini ya Umoja wa Mataifa, na kabla ya 2013 kwisha M23 walikuwa wamesambaratika.

Sasa usuluhishi umezungushwa Nairobi, Luanda, Doha na Washington, ilhali Kongo na Rwanda zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), yenye makao yake Arusha. Februari 8, 2025 wakuu wetu wa EAC na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam wakaagiza mapigano yasitishwe mara moja. Wiki moja baadaye mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukaanguka mikononi mwa M23. Februari 21 Baraza la Usalama, kwa Azimio 2773, likaitaka Rwanda iondoe majeshi yake Kongo. Kigali inasema inajilinda dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo, na ni kweli Kinshasa inapaswa kuachana kabisa na kundi hilo. Lakini FDLR haiwezi kuwa sababu ya kuteka miji mizima.

Watu huniambia Jumuiya haina meno kwa kuwa huamua kwa kauli moja, na mtuhumiwa naye yumo mezani. Mkataba wetu hauishii hapo. Ibara ya 6 inadai ujirani mwema na kumaliza migogoro kwa amani. Ibara ya 146 inaruhusu kumsimamisha mwanachama anayekiuka misingi hiyo, na ya 148 inasema wazi kwamba maoni ya nchi inayojadiliwa hayahesabiwi. Meno yapo, ila hayajawahi kutumika katika vita hivi.

Nawaomba wabunge wetu wa Afrika Mashariki wapeleke swali hili bungeni: ni lini Mkutano wa Wakuu wa Nchi utaijadili ibara ya 146 kuhusu vita vya Kongo? Watutajie tarehe, na majibu yao yachapishwe magazetini tuyasome sisi tunaopokea simu kutoka ng'ambo ya ziwa.

Mfanyabiashara,
Kigoma