Kabla hujalinganisha wachangiaji figo wa Marekani

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Umeuliza kama unaweza kuweka wachangiaji figo waliofariki wa miaka ya nyuma na wa sasa kwenye jedwali moja. Waweza, ila anza na chanzo cha kifo.

Zamani wengi walikuwa vijana walioumia kichwa ajalini. Baadaye wakaongezeka watu wazima waliokufa kwa kiharusi, na kiharusi mara nyingi hutanguliwa na shinikizo la damu, ambalo huchakaza figo pia. Kisha wakaja waliozidisha dawa za kulevya: ubongo umekosa oksijeni, lakini figo bado changa. Hawa usiwahukumu kwa kreatinini (taka ya damu ambayo figo huichuja) ya siku moja. Hupanda baada ya figo kukosa damu kwa muda, kisha huenda ikashuka. Tazama mwelekeo wa vipimo vyote. Na kwa kuwa wazee na vijana huweza kuongezeka kwa pamoja, wastani wa umri hukudanganya. Gawa kwa makundi ya umri.

Tenga pia waliothibitishwa kifo cha ubongo na wale ambao moyo ulisimama kwanza. Kundi la pili limekua sana. Figo zao hukaa bila damu zikiwa bado na joto, ndiyo maana wapokeaji wengi zaidi huhitaji dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine) wiki ya kwanza. Hiyo si dalili kwamba figo imekufa.

Penye mtego hasa ni vipimo vyenyewe vya ubora wa figo. Mwaka 2002 figo ya “vigezo vilivyopanuliwa”, yaani iliyokubaliwa ingawa ina hatari zaidi, ilikuwa ya mtu wa miaka 60 na zaidi, au wa 50 hadi 59 mwenye mawili kati ya haya: shinikizo la damu, kreatinini zaidi ya 1.5 mg/dL, kifo cha kiharusi. Mwishoni mwa 2014 ugawaji wa figo ukahamia KDPI (Kidney Donor Profile Index), alama ya hatari ya figo ambayo ni asilimia. Asilimia 85 maana yake figo hiyo ina hatari zaidi ya kushindwa kufanya kazi kuliko asilimia 85 ya figo za mwaka wa marejeo, yaani mwaka wa kulinganishia, na mwaka huo husogezwa kila mara! Wachangiaji wote wakizeeka, KDPI ya wastani itatulia tuli. Tumia KDRI ghafi (Kidney Donor Risk Index), alama ya hatari kabla haijageuzwa kuwa asilimia, uikokotoe kwa fomula moja miaka yote, kwani 2024 rangi ya mchangiaji na hepatitisi C viliondolewa kwenye hesabu.

Halafu hesabu na figo zilizotolewa zikatupwa. Ukichukua zilizopandikizwa tu, utakuwa unapima uchaguzi wa madaktari, si wachangiaji.

Nitumie rasimu ukimaliza.

Wako,
Mwanaidi