Tuachieni hata uwanja mmoja

Mhariri, naomba kanafasi kidogo.

Mimi naishi huku pembezoni mwa Dar, nilihamia kukiwa bado mashamba ya mihogo na mikorosho, leo nyumba zimebanana mpaka ukipiga chafya jirani anakujibu. Sensa ya 2022 inasema Dar tumepita milioni 5.3, mwaka 2012 tulikuwa milioni 4.3 na ushee, sasa hilo ongezeko halijaenda kulala Kariakoo jamani, liko huku na watoto wake.

Na watoto wenyewe chandimu wanachezea barabarani, goli matofali mawili, bodaboda ikija wanabeba matofali, ikipita wanarudisha. Juzi mpira umeingia kwa mwenye geti, ukarushwa nje umeshachanwa kisu.

Urasimishaji ulipokuja, yaani kupimiwa maeneo tuliyokwisha kujenga ili tupate hati, tulichanga laki na nusu kila nyumba, tukaambiwa kila mtu amege hatua mbili tatu za barabara, tukamega. Nikauliza na uwanja wa watoto je? Mpimaji akacheka, mzee mmeshajenga, mi nautoa wapi. Na kwa kweli hapo simlaumu. Barabara unaweza kuimega kidogo kidogo kwa kila mtu, ila uwanja wa mpira hauokotwi kwa vipande, lazima utengwe kabla dalali hajafika.

Hata palipopimwa mapema nako ni kulinda kweli kweli. Sinza walipimiwa viwanja miaka ya 70 na maeneo ya wazi yakachorwa kwenye ramani, nenda leo uone mengine yameota baa na fremu. Mnazi Mmoja ndo pamepona, tena wakoloni walipaacha wazi kwa ubaguzi wao tu, kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na mjini (ndo maajabu hayo). Bonde la Msimbazi nako serikali inataka kuweka bustani, lakini imebidi kwanza ilipe watu fidia wahame.

Huku kwetu limebaki shamba moja, kama eka mbili hivi, lina miembe. Mzee mwenyewe kasema mbele ya mkutano wa mtaa yuko tayari kuwauzia halmashauri wakimpa bei ya haki. Barua tumepeleka, jibu ni bajeti, bajeti, miezi minne sasa. Jumamosi nimepita pale nimekuta dalali na jamaa wawili wanahesabu hatua kutoka mwembe hadi mwembe, na mmoja ameshika vigingi.

Mzazi,
Dar es Salaam